Jumla na jumla: Ukubwa wa Herufi katika Majina ya Lugha za Programu

Utangulizi

Kila anayejifunza kuandika Kiswahili hufunzwa mapema kwamba sentensi huanza kwa herufi kubwa, na kwamba majina ya watu na ya mahali huandikwa vivyo hivyo. Akiikiuka kanuni hiyo, mwalimu humkata alama, lakini hakuna msomaji anayeshindwa kuelewa alichokusudia. Aliyeandika "kisumu" badala ya "Kisumu" amekosea tahajia. Hajautaja mji mwingine. Katika lugha za programu, yaani lugha ambazo kwazo binadamu huiagiza tarakilishi, mambo si mepesi hivyo. Katika baadhi ya lugha hizo, jumla na Jumla ni majina mawili ya vitu viwili visivyohusiana. Katika nyingine, ni jina moja lililoandikwa kwa namna mbili.

Makala haya yanachunguza hitilafu hiyo. Yanauliza: je, yafaa lugha ya programu itofautishe majina kwa ukubwa wa herufi peke yake? Swali hili aghalabu huachiwa wahandisi, ilhali kiini chake ni cha kiisimu: ni umbo gani la maandishi linalobeba maana, na ni lipi lililo pambo tu? Makala yanashikilia kwamba mjadala wenyewe umechanganya maswali mawili. La kwanza ni iwapo mashine idai kwamba jina liandikwe daima kama lilivyoandikwa mara ya kwanza. La pili ni iwapo majina mawili yaruhusiwe kukaa pamoja huku yakitofautiana kwa ukubwa wa herufi tu. Yawezekana kukubali la kwanza na kulikataa la pili, na humo ndimo suluhisho lilimo.

Kwa ajili ya ufupi, lugha zinazohesabu herufi kubwa na ndogo kuwa tofauti zitaitwa hapa lugha zinazobagua herufi, na zile nyingine lugha zisizobagua. Jina ambalo mwandishi wa programu hukipa kitu, kiwe idadi, orodha au utaratibu wa kazi, litaitwa kitambulishi.

Ukubwa wa herufi katika mizani ya isimu

Katika fonolojia, sauti mbili huhesabiwa kuwa fonimu tofauti iwapo kubadilisha moja kwa nyingine hubadilisha maana. Maneno pata na bata ni jozi mlinganuo finyu inayothibitisha kwamba /p/ na /b/ ni fonimu mbili za Kiswahili. Matamshi yanayotofautiana bila kubadilisha maana huitwa alofoni za fonimu moja. Mizani hiyo yaweza kutumiwa kupima maandishi pia: je, A na a ni herufi mbili, au ni sura mbili za herufi moja?

Historia yaelekeza kwenye jibu la pili. Herufi kubwa za Kilatini zatokana na maandishi ambayo Warumi walichonga kwenye mawe. Herufi ndogo zilikua katika miandiko ya mikono, na mtindo wake mmoja ukasanifishwa katika milki ya Charlemagne mnamo karne ya 8 na ya 9. Awali zilikuwa hati mbili za kuandikia jambo lilelile. Mazoea ya kuzichanganya katika sentensi moja yalikuja baadaye. Hati nyingi za dunia hazina mgawanyo huo kamwe. Kiarabu, Kiebrania, hati za Kiethiopia na Kichina hazina herufi kubwa. Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa karne kadhaa kwa hati za Kiarabu. Watunzi wa Lamu na Pate hawakuwa na njia ya kuonyesha kwa umbo la herufi kwamba neno fulani ni jina la mtu, na wasomaji wao hawakupotea kwa sababu hiyo.

Sababu ya kutopotea ni kwamba sarufi ya Kiswahili hufanya kazi hiyo kwa njia nyingine. Maneno kama amani, baraka, rehema na neema ni nomino za kawaida na pia ni majina ya watu. Mtu akisema "Amani amerudi", msikilizaji anajua kwamba mtu amerudi. Akisema "Amani imerudi", anajua kwamba vita vimekwisha. Katika sentensi zote mbili neno la kwanza lina herufi kubwa kwa kuwa limeanza sentensi, kwa hivyo herufi hiyo haisaidii lolote. Kinachosaidia ni upatanisho wa kisarufi. Hata jozi mashuhuri ya Mungu na mungu hueleweka katika mazungumzo, ambako herufi hazionekani.

Zaidi ya hayo, kanuni za herufi kubwa hutofautiana kutoka lugha hadi lugha. Kijerumani huandika nomino zote kwa herufi kubwa. Wazulu huandika isiZulu na amaZulu, herufi kubwa ikiwa kwenye mzizi wa neno, ilhali Waswahili huandika Kiswahili na Waswahili, herufi kubwa ikiwa kwenye kiambishi cha ngeli. Hakuna kati ya desturi hizi inayogusa maana ya neno. Kwa jumla, katika lugha asilia ukubwa wa herufi ni msaada kwa jicho. Ni nadra mno uwe nguzo pekee ya maana.

Chimbuko la tofauti katika lugha za programu

Lugha za programu za awali hazikuwa na shida hii kwa sababu hazikuwa na herufi ndogo. Lugha ya FORTRAN, iliyotolewa mwaka 1957 na kundi la wataalamu wa IBM lililoongozwa na John Backus, iliandikwa kwa kadi zilizotobolewa matundu, na mitambo ya kutobolea ilitoa herufi kubwa pekee. Hata mfumo wa ASCII, unaoipa kila herufi nambari yake, ulipochapishwa mwaka 1963 haukuwa na herufi ndogo. Ziliongezwa mwaka 1967.

Nyongeza hiyo ndiyo iliyozua swali. Katika ASCII, herufi A ni nambari 65 na herufi a ni nambari 97. Kwa binadamu hizo ni sura mbili za kitu kimoja. Kwa mashine ni nambari mbili zilizoachana kwa 32. Mashine isipofunzwa lolote, hubagua. Ili isibague, lazima iongezewe hatua ya kusawazisha herufi kabla ya kulinganisha majina.

Wabunifu wa lugha walifuata njia tofauti. BASIC ya mwaka 1964, Pascal ya mwaka 1970 na Ada, ambayo kiwango chake kilitolewa mwaka 1983, zilihesabiwa miongoni mwa lugha zisizobagua. Lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell mapema katika miaka ya 1970 pamoja na mfumo wa Unix, ilibagua. Kwa kuwa C ilienea mno, lugha nyingi zilizofuata zilirithi tabia hiyo: C++, Python ya mwaka 1991, Java ya mwaka 1995 na C# ya mwaka 2000. Ni vyema kudokeza kwamba Niklaus Wirth, mbunifu wa Pascal, alibadili msimamo. Lugha zake za baadaye, Modula-2 na Oberon, zilibagua herufi. Lugha ya PHP nayo ilisimama katikati: hubagua herufi katika majina ya thamani zinazobadilika, lakini haibagui katika majina ya taratibu na ya madarasa. Mwanafunzi wa lugha hiyo hana budi kukumbuka kanuni mbili zinazopingana katika ukurasa mmoja.

Hoja za wanaotetea ubaguzi wa herufi

Hoja ya kwanza ni ya usahili. Katika lugha inayobagua, majina mawili ni sawa ikiwa yameandikwa sawa. Hakuna kanuni nyingine ya kukariri. Aidha, programu iliyoandikwa na watu wengi hubaki na tahajia moja kwa kila jina, jambo linalorahisisha kulitafuta jina katika maelfu ya mistari.

Hoja ya pili ni ya desturi. Waandishi wa Java huanza jina la aina ya kitu kwa herufi kubwa na jina la kitu chenyewe kwa herufi ndogo. Mwanafunzi ni aina, mwanafunzi ni mmoja wa aina hiyo. Msomaji aliyezoea desturi hii hupata habari nyingi kwa kutupia jicho tu.

Hoja ya tatu ndiyo nzito zaidi, nayo yahusu lugha za ulimwengu. Kusawazisha herufi ni kazi rahisi katika Kiingereza na Kiswahili, lakini si hivyo kila mahali. Uturuki ilipochukua alfabeti ya Kilatini mwaka 1928, ilipata herufi mbili za i: moja yenye nukta na nyingine isiyo na nukta, na kila moja ina umbo lake kubwa. Kwa Mturuki, herufi ndogo ya I si i bali ni ı. Kutokana na hali hii, programu za PHP zenye majina yaliyokuwa na herufi I ziliweza kuharibika pindi mashine ilipowekwa katika mazingira ya Kituruki, kwa kuwa usawazishaji ulifuata kanuni za lugha hiyo. Hitilafu hiyo iliondolewa katika toleo la 5.5 la mwaka 2013, usawazishaji ulipofungwa kwenye kanuni za ASCII pekee. Kijerumani nacho kina herufi ß ambayo kwa desturi ya muda mrefu hugeuka kuwa SS katika maandishi makubwa, na Kigiriki kina herufi moja kubwa ya sigma yenye sura mbili ndogo, moja ikitumiwa mwishoni mwa neno. Anayesema "mashine isibague" hana budi kueleza ifuate kanuni za lugha gani.

Hoja za wanaoupinga

Wapinzani huanza kwa binadamu, si kwa mashine. Jina, kwao, ni kitu kinachosemwa. Mwandishi mmoja akimsomea mwenzake programu kwa simu, Jumla na jumla husikika sawa. Kwa mwanaprogramu asiyeona, anayetegemea programu ya kumsomea kwa sauti, tofauti hiyo hupotea, au humlazimu asikilize maelezo ya ziada kwa kila herufi. Lugha inayoruhusu majina ya namna hiyo imeweka maana mahali ambapo sikio halifiki.

Pili, ubaguzi wa herufi humwumiza zaidi anayeanza. Katika miaka ya 1990, watafiti wa mradi wa Alice, ulioongozwa na Randy Pausch na ukaishia katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, waliwachunguza wanafunzi waliokuwa wakitumia Python kwa mara ya kwanza. Waliona kwamba walio wengi walifanya makosa ya ukubwa wa herufi, na wengi waliendelea kuyafanya hata baada ya kujulishwa kanuni. Watafiti hao wakaamua kuirekebisha Python yao isibague. Nchini Kenya pia, wanafunzi wengi waliosomea somo la tarakilishi katika shule za upili kwa Pascal au Visual Basic, ambazo hazibagui, walijikuta wakifunzwa C au Java chuoni. Tabia iliyokuwa salama jana ikawa kosa leo.

Tatu, na hili ndilo lenye madhara makubwa, kosa lenyewe huweza kujificha. Tuseme mwalimu ameandika programu ya Python ya kujumlisha alama za wanafunzi watatu: 62, 71 na 55. Anaanza kwa kuipa jumla thamani ya sifuri. Kisha, kwa kila alama, anakusudia kuongeza alama hiyo kwenye jumla, lakini upande wa kushoto wa mlinganyo anaandika Jumla kwa herufi kubwa. Python haimwambii lolote. Huunda jina jipya, Jumla, na kila mzunguko hulipa thamani ya sifuri pamoja na alama moja. Mwishoni mwalimu akiomba jumla, anapewa 0. Akiomba Jumla, anapewa 55, ambayo ni alama ya mwisho tu. Jibu sahihi, 188, halipo popote. Katika Java kosa hilo lingegunduliwa kabla ya programu kuendeshwa, maadamu kila jina ni lazima litangazwe kwanza. Katika Pascal lisingekuwa kosa. Jibu la sifuri humshtua mtu. Lakini 55, katika orodha ndefu ya madarasa mengi, laweza kupita na kuchapishwa kwenye ripoti ya mtoto.

Ukubwa wa herufi kama sarufi

Zipo pia lugha zilizoupa ukubwa wa herufi kazi ya kisarufi. Katika Prolog, jina linaloanza kwa herufi kubwa ni kitu kisichojulikana bado, na linaloanza kwa herufi ndogo ni kitu maalumu. Katika Go, iliyotangazwa mwaka 2009, jina linaloanza kwa herufi kubwa huonekana nje ya sehemu ya programu lilimotangazwa, na linaloanza kwa herufi ndogo hubaki ndani. Mfumo huu wafanana na viambishi vya ngeli: mwanzo wa neno humweleza msomaji tabia ya neno zima.

Hata hivyo, mfumo huo umejengwa juu ya hati za aina moja. Go huruhusu majina ya hati nyinginezo, lakini hati isiyo na herufi kubwa haina namna yake ya kusema "jina hili lionekane nje". Anayetaka kuandika kwa hati za Kiarabu, ziwe za Kiarabu chenyewe au za Kiswahili cha jadi, lazima alitangulize jina lake kwa herufi kubwa ya hati ya kigeni.

Njia ya kati

Pande zote mbili zina haki kwa sehemu. Watetezi wako sahihi kwamba tahajia moja ni bora kuliko tahajia kumi, na kwamba mashine haifai kubahatisha kanuni za lugha za watu. Wapinzani wako sahihi kwamba tofauti isiyosikika haifai kuwa nguzo pekee ya maana. Pande hizo hugongana kwa kuwa zimechukulia kwamba kuna njia mbili tu: kuyahesabu majina mawili kuwa tofauti, au kuyaunganisha.

Njia ya tatu ni kuyakataa. Mwandishi akishatangaza jumla, mashine idai aandike jumla daima. Akiandika Jumla mahali ambapo jumla tayari ipo, mashine isimuundie jina jipya wala isimsahihishe kimyakimya. Imwambie kwamba majina hayo yanatofautiana kwa ukubwa wa herufi tu, kisha imwachie aamue. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ufa huzibwa siku uleule unapotokea.

Jambo hili si ndoto. Kompaila ya GNAT ya lugha ya Ada, yaani programu inayofasiri maandishi ya Ada kwa ajili ya mashine, yaweza kuamriwa ikague kwamba kila jina limeandikwa kwa herufi zilezile za tangazo lake, ingawa Ada yenyewe haibagui. Visual Basic ilikwenda mbali zaidi: mtu akiandika jina kwa herufi tofauti, kihariri huligeuza lifanane na lilivyotangazwa.

Njia hii hupunguza pia makali ya tatizo la Kituruki. Mashine inayounganisha majina ikikosea, hutoa matokeo yasiyo sahihi au huivunja programu. Mashine inayoonya ikikosea, hasara yake ni onyo moja lisilohitajika.

Pingamizi linalobaki ni la desturi ya Mwanafunzi na mwanafunzi. Jibu ni kwamba desturi ya kuanza aina kwa herufi kubwa yaweza kudumu bila kuwa na mapacha. Badala ya kukiita kitu kwa jina la aina yake, mwandishi aweza kukiita kwa kazi yake: mtahiniwa, mgeni, kiranja. Majina hayo humweleza msomaji jambo ambalo mwanafunzi hakulieleza. Kwa lugha zilizokwisha kuenea, ambazo zina programu nyingi zenye mapacha, marufuku ya ghafla yangeleta vurugu; kwa hizo, onyo latosha. Lugha mpya zina fursa ya kuanza na marufuku.

Funzo kwa watafiti wa Kiswahili

Suala hili lawahusu moja kwa moja wanaokusanya matini za Kiswahili kwa ajili ya kamusi na utafiti wa msamiati. Tarakilishi ikipanga maneno kwa kufuata nambari za ASCII, Zuhura hutangulia abiria, kwa sababu Z ni 90 na a ni 97. Ikihesabu maneno bila kusawazisha, Mtu la mwanzo wa sentensi na mtu la katikati huhesabiwa kuwa maneno mawili, na takwimu za msamiati huvimba bila sababu. Ikisawazisha zote na kuzitupa zile za asili, Pwani ambayo ni eneo huungana na pwani ya bahari yoyote, na Baraka huzama ndani ya baraka. Mtafiti atakayegundua hasara hiyo baadaye hataweza kuirejesha.

Utaratibu ulio salama ni uleule uliopendekezwa hapo juu: tahajia ya asili ihifadhiwe kama ilivyo, na nakala iliyosawazishwa iwekwe kando yake kwa ajili ya kulinganisha. Pale zinapogongana, binadamu aulizwe. Na kwa kuwa upatanisho wa kisarufi hutenganisha Amani amerudi na amani imerudi hata herufi zinaposhindwa, mtafiti wa Kiswahili ana chombo ambacho wenzake wa Kiingereza hawana.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba ukubwa wa herufi ulianza kama tofauti ya miandiko, ukawa msaada kwa msomaji, kisha ukageuzwa na baadhi ya lugha za programu kuwa mpaka kati ya maana na maana. Yamedokeza kwamba uamuzi huo ulitokana kwa sehemu kubwa na namna mashine inavyohesabu herufi, wala si namna binadamu wanavyotaja vitu. Lugha ya programu ihifadhi tahajia na kuidai, lakini isikubali mapacha wanaotofautiana kwa ukubwa wa herufi tu. Wanafunzi wa Kiswahili, ambao lugha yao iliwahi kustawi kwa hati isiyo na herufi kubwa hata moja, wana la kuchangia katika mjadala huu, na haifai wawaachie wahandisi peke yao.